Kabla ya kukimbiza vidole, sikiza kodi

Wewe unayepiga kinanda kanisani huku Mutuini kila Jumapili, wacha kusema jazi ni ya watoto wa shule za karo kubwa. Zile kodi tatu unazozungusha kwenye pambio, C, F na G (kodi za muziki, si za landilodi), ndizo zinazobeba "C Jam Blues", ambao Duke Ellington na bendi yake waliurekodi mwaka wa 1942. Melodia yake ina noti mbili pekee, G na C. Mbili!

Ramani yake ni vipimo 12, kila kimoja mapigo 4: C vipimo 4, F 2, C 2, G 2, kisha C 2 za kumalizia. Unarudi mwanzo, na kila mpigaji anapata zamu ya kubuni yake papo hapo.

Shida yetu vijana ni kuanzia mwisho. Tunakariri skeli YouTube, halafu zamu ikifika tunaingia mbio kama matatu iliyoona trafiki. Kodi inabadilika chini yetu na hatuna habari.

Jaribu hivi. Mkono wa kushoto ushike C. Wa kulia upige E na B flati pamoja. Hizo ndizo huipa kodi ladha ya bluzi. Sasa kushoto kuende F. Mkono wa kulia usiruke, teremsha kila noti hatua moja ndogo tu: E iwe E flati, B flati iwe A. Umesikia? Rudi C. Ukienda G, panda badala ya kushuka: E iwe F, B flati iwe B. Basi. Zungusha ramani nzima kwa noti hizo, ukibadilisha mdundo tu, na tayari unapiga solo inayoeleweka. Stima ikipotea, ziimbe.

Na kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, msee, kiache kwanza. Kinaokoa vidole lakini sikio linabaki palepale.

Nanyi wazee wa kanisa, kinanda hufunikwa kitambaa Jumapili jioni, kikafunguliwa tena Jumapili inayofuata. Huyu kijana atafanyia wapi mazoezi? Mpeni ufunguo wa kanisa angalau Jumatano na Ijumaa, saa mbili tu.