MWANO UKIPIGWA, NANI ATOKE?

Ndugu zetu wa Shinyanga, Kahama na Geita hawahitaji kufundishwa maana ya mwano. Yowe likipigwa usiku, mwanamume aliyelala huamka, hushika upinde au fimbo yake, akatoka mbio kuelekea sauti inakotoka. Na kila alisikiaye hulipokea akalipeleka mbele, mpaka kijiji cha tatu na cha nne vimesimama. Haulizi mtu ng'ombe ni wa nani. Haulizi kama mwenye boma ni rafiki au hasimu. Swali ni moja tu: wamepita wapi?

Twaandika haya kwa sababu wako watu siku hizi, mijini na hata vijijini, wasemao kwamba mwenye akili akiona uovu unatendwa hupita njia yake. Husema, "Hayanihusu, polisi wapo, na ushahidi ni usumbufu." Sisi twasema kwamba mtu huyo amesahau jambo moja, nalo ni kuwa kesho yowe litakuwa lake.

Na tukumbuke tulikotoka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa mikononi mwa wahalifu, na wezi wa ng'ombe wakawa hawaogopi tena mkuki. Polisi walikuwa wachache na vituo vilikuwa mbali. Hapo ndipo, mwaka 1982, wananchi wa Kahama walipojikusanya wakaunda Sungusungu, wenyewe wakijiita Wasalama, na kwa muda mfupi jambo hilo likaenea Usukuma na Unyamwezi. Sharti lao lilikuwa wazi: mwano ukipigwa, kila mtu atoke. Aliyekaa ndani alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa na kijiji. Wako wakubwa serikalini walioingiwa na wasiwasi, lakini Chama na Mwalimu Nyerere waliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likaitambua kazi yao kwa sheria. Wakulima na wafugaji ndio waliolifundisha taifa kwamba ulinzi ni kazi ya kila mtu.

Lakini sifa isitufumbe macho. Ng'ombe akiibwa, kijiji kizima hutoka. Je, bibi kizee akivamiwa kwa mapanga ndani ya nyumba yake, nani hutoka? Twajua sote yaliyotendeka katika vijiji vyetu miaka hii mingi. Mama amezeeka, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka arobaini jikoni na kwa kupikia kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipokwisha. Mtoto wa jirani akiugua, jina lake latajwa kwa mganga. Na usiku mmoja wanakuja watu wa kukodiwa. Bibi apiga kelele. Nyumba za jirani zimejaa wanaume. Milango haifunguki.

Tuseme ukweli hata kama unauma. Milango haifunguki kwa sababu ya woga tu. Wengine hawaifungui kwa sababu mioyoni mwao wanasema, "Huenda alikuwa mchawi kweli." Na baadhi ya Sungusungu wenyewe waliwafukuza wanawake vijijini kwa tuhuma hizo hizo. Basi hapo mwenye kukaa kimya si mtazamaji tena. Amekwisha kutoa hukumu, ila amemwachia mwingine panga.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ndugu zetu wenye ualbino. Tangu 2007 mauaji yao yalizidi katika Kanda ya Ziwa, kwa sababu wako waganga waliowadanganya watu kuwa viungo vya binadamu huleta utajiri, na mahali penye machimbo ya dhahabu uongo huo haukukosa wateja. Mwezi Machi 2009 Serikali ililazimika kupiga kura za siri ili wananchi wataje wauaji wanaowashuku. Tujiulize: kwa nini ilihitajika kura ya siri? Kwa sababu ilijulikana kwamba wako walioona na hawakusema. Na mwezi Machi 2015 Mahakama Kuu kule Mwanza ilipowahukumu kifo watu wanne kwa mauaji ya mwanamke mwenye ualbino yaliyotokea Geita mwaka 2008, mmoja wa waliohukumiwa alikuwa mume wake. Mwenye kununua, mwenye kupiga ramli, mwenye kuonyesha njia, kila mmoja wa watu wa namna hii huonekana na mtu.

Wako wengine watakaotujibu: "Sisi hatukai kimya. Machimboni kwetu kijana akishikwa na kiroba cha mawe ya watu, twammaliza papo hapo." Hao nao wamekosea. Kutoka kwenye mwano si kuua. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya 1985 inamruhusu raia kumkamata aliyetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimpi mtu jiwe wala tairi. Mkoa huu wajua ubaya wa njia hiyo. Mwaka 1976 maofisa wa dola, katika kupambana na mauaji ya Mwanza na Shinyanga, waliwatesa watuhumiwa na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakumpiga mtu, wala hakuwapo. Alisema kwa kitendo kwamba lililotendeka chini ya mamlaka yake lilikuwa mzigo wake. Ikiwa yeye aliubeba mzigo wa asichokiona, atasemaje yule aliyesimama akatazama?

Hatumwambii mtu mmoja mwenye fimbo ayakabili mapanga matatu. Mwano haukuwekwa kwa ajili ya mashujaa. Uliwekwa ili hata mwoga, hata mzee, hata mtoto, aweze kusaidia: apige yowe, na wengi waje. Muuaji hutegemea usiku na ukimya, na yowe humnyang'anya vyote viwili.

Serikali nayo ina deni. Shahidi asiitwe mara tano kwa kesi inayoahirishwa, kisha arudi kijijini jina lake likijulikana kwa kila mtu. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015. Na itumike hadi kijijini, isikae makabatini.

Kwa wanachama, twaomba jambo moja. Katika mkutano ujao wa tawi, kabla ya mambo ya kadi na ada, balozi asimame aulize: mwano wa mwisho uliopigwa hapa na mwanamke, nani alitoka? Na aliyeusikia akalala aseme mbele ya wenzake kwa nini alilala.

Mwano wa bibi na uitikiwe kama mwano wa ng'ombe. Hatuombi zaidi ya hapo, na pungufu ya hapo ni aibu yetu sote.