Uchunguzi Unahitaji Nauli



Habari yetu isipotoka gazetini, kijiweni utasikia: "Waandishi wamenunuliwa." Haya, tujiulize, nani anamlipa mwandishi wa huku Katavi? Wengi ni waandishi wa kujitegemea. Hawana mshahara, wanalipwa kwa habari iliyotoka. Sasa mkulima wa mpunga hapa Kakese akilalamikia mbolea ya ruzuku, mwandishi atoke Mpanda mjini kwa bodaboda, aje mara tatu nne, atafute nyaraka, asubiri majibu ya ofisini. Upande wa pili kuna kiongozi anazindua choo: usafiri upo, bahasha ipo, habari inaisha siku hiyo hiyo. Hapo huhitaji kumtisha mtu. Njaa inatosha.

Ndiyo maana naunga mkono ruzuku kwa habari za uchunguzi. Si jambo jipya. Mwaka 2008 ulianzishwa mfuko wa TMF kwa fedha za wahisani, zikiwemo nchi za Uswisi na Uingereza. Mwandishi aliomba kwa kueleza mada yake, na akikubaliwa alipata fedha za kazi na mtu mzoefu wa kumshauri.

Wapo watakaosema hizo ni hela za mabeberu. Jamani! Bajeti ya Serikali yenyewe inapokea misaada, mbona hatusemi wizara zimenunuliwa? Vyama vya siasa, vya upinzani vikiwemo, vina ruzuku kwa mujibu wa sheria, na bado vinaisema Serikali. Tatizo si ruzuku. Tatizo ni nani anashika mfuko na kwa masharti gani.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ina mfuko wa mafunzo. Mafunzo ni mazuri, ila cheti hakijazi mafuta kwenye bodaboda. Tudai mfuko wa uchunguzi wenye bodi isiyoteuliwa na waziri wala chama. Majina ya waliopewa na kiasi walichopewa vitangazwe. Mtoa fedha asichague mada wala kusoma habari kabla haijatoka.

Na uwe na fungu la wakili na usalama. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea, akiliandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti. Alichukuliwa na watu wasiojulikana tarehe 21 Novemba 2017, na mpaka leo hajaonekana. Mwandishi wa wilayani asiye na ajira ndiye yuko peke yake kuliko wote.

Vijana tulibebe hili liingie kwenye ilani. Lakini tukubaliane kabisa: siku tukishika halmashauri au dola, mwandishi huyo huyo atakuja na daftari lake kutuuliza sisi mbolea imekwenda wapi. Kama hilo linatutia hofu, basi hatutaki mabadiliko, tunataka zamu.