MAJI YA MOTO KWA WAZEE WETU



Nakuru yetu iko juu ya mita 1,800, na asubuhi za Julai baridi humwuma hata kijana. Sembuse mzee wa miaka themanini! Wengi wetu tuna wazazi, au wakubwa wetu wa kazi waliostaafu, katika nyumba za kulelea wazee. Tukienda kuwaamkia twasikia neno lile lile: leo maji ya moto yapo, kesho hayapo. Umeme ukikatika au kuni zikiisha, mzee haogeshwi, ama huogeshwa kwa maji baridi.

Wako wasemao, punguzeni moto tuokoe fedha, maji ya vuguvugu yatosha. Twasema hapana. Mwaka 1976, mjini Philadelphia huko Marekani, askari wa zamani walikutana hotelini. Watu zaidi ya 200 waliugua mapafu, na 34 wakafa. Mwaka 1977 waganga walitambua kijidudu chake. Kijidudu hicho huzaliana katika maji ya vuguvugu, nacho huwashika zaidi wazee. Kwa hiyo maji ndani ya tangi yawe ya nyuzi 60 za Sentigredi.

Lakini nyuzi 60 huunguza ngozi ya mzee kwa sekunde chache. Basi penye bafu pawe na vali ya kuchanganya, maji yasipite nyuzi 43. Pasipo vali, mwogeshaji atie maji baridi kwanza, kisha ya moto, na apime kwa kipimajoto kabla mzee hajaguswa.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Boila ya injini ya mvuke haikwenda kwa bahati. Ilikuwa na siku zake za kuoshwa na kuondolewa chumvi, na mtu wake wa kujibu. Tangi la wazee lastahili uangalizi kama huo.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila nyumba iwe na mtu mmoja wa kutunza maji ya moto, na daftari la kuandika joto kila siku. Pili, iwe na njia ya pili ya kupasha maji: jua, kuni au gesi, umeme usipokuwapo. Tatu, gharama zisiachiwe watunzaji peke yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali.

Mwaka 2003 shamba moja la maua huko Naivasha lilianza kupasha joto nyumba za maua kwa mvuke wa ardhini. Ikiwa ua lilipatiwa joto katika Bonde hili la Ufa, mzee akose kwa sababu gani?

Ndugu, Jumapili ukienda kumwona mzee wako, uliza: nani hutunza tangi? Jibu lake lilete mkutanoni.