Mhandisi wa Umeme Hafundwi kwa Ubao Pekee

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatokapo, wazazi hutujia na swali lile lile: mwanangu amefaulu fizikia na hesabu, je, asomee uhandisi wa umeme? (Mwenye binti huongeza kwa sauti ya chini: hiyo si kazi ya kupanda nguzo?) Jibu letu ni kwamba asome, awe binti awe mvulana, lakini aulizwe kwanza ni umeme upi, na sisi tulio makazini tuulizwe tumemwandalia nini.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973, umeme ulikuwa miongoni mwa fani zake za mwanzo. Kabla ya hapo wanafunzi wetu walipelekwa Nairobi au ng'ambo. Tangu awali ilitakiwa likizo ndefu isiwe ya kulala nyumbani, bali mwanafunzi aende viwandani na mitamboni akafanye kazi kwa mikono yake.

Vijana wengi tukutanao nao siku hizi huvutiwa na simu na kompyuta. Hatuwalaumu, huko nako kuna riziki. Lakini bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Umeme wake husafirishwa hadi Chalinze kwa msongo wa kilovolti 400, kwa kuwa msongo ukiongezwa maradufu, mkondo hupungua nusu, na upotevu wa njiani hushuka hadi robo. Tena umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaozalishwa sharti ulingane na unaotumika, nukta kwa nukta. La sivyo mapigo yake 50 kwa sekunde huyumba, na mitambo hujitoa mmoja baada ya mwingine. Msimamizi wa hayo hapatikani kwa kukariri kanuni.

Hapo ndipo penye manung'uniko yetu. Wanafunzi hutuambia kuwa wafikapo kazini kwa mafunzo hukabidhiwa mafaili wayapange, au huagizwa chai. Majuma manane hupita bila kufungua hata kifuniko cha swichi, kisha msimamizi hutia sahihi daftari na kuandika "vizuri sana". Twaijua hoja ya wakuu wa kazi: umeme huua, na mwanafunzi ni mgeni. Ni kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumfundisha sasa, chini ya jicho la fundi mzoefu, namna ya kuzima, kufunga kufuli, kupima waya na kuuunganisha na ardhi kabla ya kuugusa. Muda si mrefu yeye ndiye atakayewaamuru wengine wafanye hayo.

Twapendekeza basi kila mahali papokeapo wanafunzi ateuliwe fundi atakayewajibika kwa kila mmoja wao, na vyuo vikatae daftari lisiloonyesha kazi iliyofanywa kwa mkono, hata likiwa na sahihi na muhuri.