Fomu ya mtandao isiwe mali ya karani

Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa mwezi Mei, na katika Dutwa, kwenye barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi, kila mfanyabiashara anayajua maandalizi yake. Mizani hukaguliwa, maghala hufagiliwa, magari hukodishwa na fedha za kununulia hutafutwa. Katika miaka ya karibuni kimeongezeka kifaa kimoja kisichoonekana ghalani, nacho ni fomu ya mtandao. Karani huitengeneza kwa simu yake kwa robo saa, huisambaza linki yake kwenye kundi la WhatsApp, na majina, namba za simu na ekari za wakulima huanza kumiminika.

Kifaa chenyewe hakina ubaya. Kinaokoa karatasi, nauli ya pikipiki na siku za kunakili. Tatizo ni kwamba mwenye biashara anaweza kumaliza msimu mzima bila kujua ni fomu ngapi zimefunguliwa kwa jina la biashara yake, nani alizifungua, na majibu yake yanakaa wapi.

Mfanyabiashara huyo huyo hawezi kamwe kukubali karani ajichapishie kitabu cha stakabadhi. Kitabu hutoka ofisini kikiwa na namba za mfululizo, karani hukisaini, na kikijaa hurudishwa pamoja na nakala zake. Aidha, Serikali ilipoanzisha mashine za kielektroniki za kutolea risiti mwaka 2010, ilifuata hoja ile ile kwamba kumbukumbu inayobeba fedha haiachwi iandikwe na kila mtu apendavyo. Fomu ya mtandao nayo inabeba fedha, na inastahili ulinzi ule ule.

Chukulia mfano wa mfanyabiashara anayekopesha wakulima mabomba ya kunyunyizia dawa. Mwezi Desemba wakulima 300 wanajaza fomu, wanalipa nusu ya bei, na kila mmoja anabaki na deni la shilingi 30,000 la kumalizia wakati wa mavuno. Jumla ni shilingi milioni 9. Mwezi Februari karani aliyefungua fomu hiyo anapata kazi Mwanza na kuondoka. Ikifika Mei, mwenye mali hana orodha ya wadaiwa, kwa kuwa fomu ilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya karani. Kwa mujibu wa taratibu za Google, mwenye fomu ni yule aliyeifungua, na akaunti yake ikifutwa, fomu na majibu hufutika pamoja nayo.

Hasara inaweza kuwa kubwa zaidi ya hiyo. Iwapo jedwali la majibu liliachwa lisomwe na yeyote mwenye linki, kuna mtu mwingine anayejua kwamba mkulima fulani ana simu fulani na anadaiwa kiasi fulani. Mtu huyo akipiga simu siku ya malipo ya pamba na kumtaka mkulima amalizie deni kwa namba mpya, atasikika kama mtu wa ofisini. Mkulima atatuma fedha, na atakapodaiwa mara ya pili atakuwa na haki ya kukasirika. Msimu unaofuata hatakopa tena kwa mfanyabiashara huyo, wala jirani zake.

Makampuni makubwa nayo yameumizwa na jambo hili. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya UpGuard walitangaza kwamba kumbukumbu zipatazo milioni 38 za taasisi 47 zilikuwa wazi kwenye mtandao. Miongoni mwa taasisi hizo zilikuwemo American Airlines, kampuni ya magari ya Ford na Microsoft yenyewe. Kurasa za kukusanyia taarifa zilikuwa zimetengenezwa kwa zana ya Microsoft Power Apps, na mpangilio wake wa awali uliruhusu data kusomwa na mtu yeyote asipokuwepo wa kuufunga. Baadaye Microsoft iliubadilisha mpangilio huo.

Hapa Afrika Mashariki, vyombo vya sheria vimeshaanza kuuma. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine kuwatumia ujumbe wa vitisho. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume, awaeleze wahusika anazikusanya kwa kazi gani, na azilinde. Kampuni inayotoa taarifa hizo kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini inayofikia shilingi bilioni 5. Mbele ya sheria, kisingizio kwamba fomu ilifunguliwa na karani hakitamsaidia sana mwajiri aliyefaidika nayo.

Wapo wanaopinga udhibiti. Hoja yao ni kwamba msimu ni mfupi na karani aliyeko mizanini hawezi kungoja ruhusa ya meneja aliyeko mjini. Hoja hiyo ina uzito. Ofisi inayokataza bila kutoa kitu badala yake huwarudisha wafanyakazi kwenye simu zao, safari hii kwa kificho. Kwa sababu hiyo udhibiti unaofaa ni ule unaomrahisishia karani kazi.

Kwanza, biashara iwe na akaunti yake yenyewe, iliyofungwa na namba ya simu ya biashara, na neno lake la siri likae kwa mwenye mali na msaidizi wake mmoja. Fomu zote zifunguliwe humo. Karani aongezwe kama mhariri, jambo linalowezekana kwenye Google hata kwa akaunti isiyolipiwa. Siku anapoacha kazi huondolewa kwa hatua moja, na fomu hubaki.

Pili, fomu zitayarishwe mapema. Fomu tatu au nne, yaani ya usajili, ya mikopo, ya mapokezi na ya malalamiko, zikiwa tayari mwezi Aprili, karani hatakuwa na sababu ya kutengeneza ya kwake. Anayehitaji mpya aombe kwa ujumbe wa simu na ajibiwe siku hiyo hiyo.

Tatu, kila swali liwe na kazi. Fomu ya kukopesha bomba haihitaji namba ya kitambulisho cha taifa ya mke wa mkopaji. Namba ya siri ya simu au ya benki isiulizwe kwenye fomu yoyote, na wakulima watangaziwe hivyo hadharani, ili anayeulizwa ajue papo hapo kwamba anaibiwa.

Nne, liwepo daftari la fomu kama lilivyo la stakabadhi: jina la fomu, aliyeiomba, tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kufungwa. Msimu ukiisha fomu ifungwe, majibu yahifadhiwe, na linki iache kufanya kazi.

Haya yanawahusu pia wenye mitaji midogo. Anayetaka kuingiza fedha zake katika biashara ya pembejeo, ya pamba au ya dengu huomba kuona ghala, mizani na hesabu za benki. Aongeze swali moja: orodha ya wadaiwa iko kwenye akaunti ya nani? Akitajiwa jina la karani, ajue kwamba sehemu ya mtaji wake itakuwa mikononi mwa mtu anayeweza kuhama kesho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya sasa daftari linaweza kuwepo, limeandikwa vizuri, na mwenye mali asiwe na ufunguo wake.