Tasnifu ya kununua haitamtoa mtu seli

Ndugu zetu mnaosomea sheria, tuambiane ukweli. Muda wa kuwasilisha tasnifu ukikaribia, biashara huchangamka. Mtu anatumiwa pesa kwa M-Pesa, anaandika kurasa zote, kisha jina lako linawekwa juu. Ukiuliza unaambiwa, "Kila mtu anafanya." Hata wakifanya wote, ni udanganyifu tu.

Na anayedhulumiwa si chuo peke yake. Kesho mama atakuja ofisini kwako, mwanawe kakamatwa juzi na korti hajaiona. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata iwapo saa hizo zimeishia wikendi. Utamwandikia ombi gani, wewe ambaye hujawahi kujenga hoja yako mwenyewe? Kwenye tasnifu ndipo unapoachiwa swali uhangaike nalo: utafute sheria, usome hukumu, upime pande zote, kisha utoe msimamo na kuutetea. Ukiinunua, umelipa ili usijifunze kazi yako.

Wapo watakaosema si uvivu, ni kubanwa. Ni kweli wako wanaofanya vibarua kutafuta karo, na wako wasimamizi wanaokaa na sura moja miezi miwili. Vyuo vijibu hilo. Mwanafunzi aliyelipa karo ana haki ya kusomewa kazi yake. Mpelekee msimamizi kila sura kwa barua pepe, ili tarehe ibaki ushahidi.

Lakini wengi hubanwa na mada waliyojichagulia. "Haki za binadamu nchini Kenya" si mada, hiyo ni bahari. Chukua swali dogo. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wavuvi wa Lamu zilikiukwa katika mradi wa bandari, ikaagiza fidia ya Sh1.76 bilioni kwa wavuvi wapatao 4,600. Wakati huohuo, kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashtaka ya Serikali kinazuia mali ya serikali isikamatwe kulipia deni la hukumu. Basi aliyeishinda serikali kortini analipwa kwa njia gani? Hiyo ni tasnifu nzima.

Au chukua Kifungu cha 170. Kadhi husikiliza kesi za ndoa, talaka na mirathi pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake. Mrithi mmoja akikataa, mjane anaelekea wapi?

Hukumu ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Soma tano, mwanzo hadi mwisho, kabla hujaandika pendekezo. Usingoje muhula wa mwisho. Andika ukurasa mmoja kwa siku, na ukichukua neno la mtu weka tanbihi papo hapo, maana baadaye hutakumbuka ulilitoa wapi. Utangulizi urudie mwisho, ukishajua umethibitisha nini.

Na ukimaliza, usiifungie kabatini. Ilete barazani, utueleze kwa Kiswahili ulichokipata. Wavuvi na wajane hawa watakuwa na maswali, na aliyeiandika mwenyewe hatashindwa kuwajibu.