Uzee Si Utoto wa Pili

Ipo kauli inayorudiwa hata na wanaosomea ustawi wa jamii: eti mzee hurudi utotoni. Sisi tunaikataa. Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa maisha ya mwanadamu katika hatua 8. Katika hatua ya mwisho mzee huyapima maisha yake yote, ama akayapokea kwa moyo mtulivu, ama akakata tamaa. Je, ni mtoto yupi aliye na mzigo huo? Na kusahau kupita kiasi ni ugonjwa, si utoto.

Kauli hiyo ina madhara. Anayemwona mzee kuwa mtoto hujadiliana na wanawe kuhusu shamba lake na matibabu yake, ilhali mwenyewe ameketi papo hapo akisikia. Zanzibar, tangu mwaka 2016, huwalipa pensheni wazee waliofikisha miaka 70, hata wasiowahi kuajiriwa. Hiyo ni haki ya mtu mzima, si posho ya mtoto.

Basi ninyi mtakaotumwa kwa wazee, mwamkieni kwanza mwenye nyumba: Shikamoo. Kisha mwulizeni yeye anataka nini.